Upasuaji wa Ugonjwa wa Parkinson: Maswali ya Kujibu Kabla ya Kuuza Ngamia

SOMO LA AFYA

Saa mbili usiku video inaingia kwenye simu. Mwanamume anaonekana akishika kikombe, mkono unamtetemeka hadi chai inamwagika mezani. Kisha anabonyeza kidhibiti kidogo, mkono unatulia, naye anakunywa chai yake. Kijana aliyeko Nairobi ameituma video hiyo kwa ndugu zake Kakuma pamoja na maneno matatu: "Baba anaweza kupona." Asubuhi yake familia inakaa kikao. Wauzwe ngamia wangapi? Nani aitishe harambee? Pasipoti ya kwenda India inachukua muda gani?

Familia hiyo tumeitunga kwa ajili ya somo hili. Lakini video za aina hiyo zipo, na upasuaji unaoonyeshwa ni wa kweli. Jambo ambalo video ya dakika moja haielezi ni nani anafaa kufanyiwa upasuaji huo, unasaidia nini na hausaidii nini, na mgonjwa anaishije nao akisharudi Lodwar au Kakuma.

Ukimaliza kusoma somo hili utaweza:

1. Kueleza ugonjwa wa Parkinson ni nini na kwa nini si kila mtetemeko ni Parkinson.
2. Kutaja njia kuu za upasuaji na tofauti zake.
3. Kujua nani anaweza kufaidika na nani anaweza kuumia bure.
4. Kufuata njia ya rufaa kuanzia mashinani hadi kwa daktari bingwa.

Tutawafuata wagonjwa wawili wa mfano. Wa kwanza ni Mzee wa Kakuma, baba wa kijana aliyetuma video. Ana miaka 66 na mkono wake wa kulia umekuwa ukitetemeka kwa miaka miwili. Aliwahi kupewa vidonge, akameza kwa wiki mbili, vikaisha, na hakurudi kliniki. Wa pili ni Mwalimu wa Lodwar. Ana miaka 54, aliambiwa ana Parkinson miaka tisa iliyopita, na hutumia dawa zake kila siku.

UGONJWA WENYEWE

Mwaka 1817 daktari wa London aliyeitwa James Parkinson aliandika maelezo ya watu sita waliokuwa wakitetemeka na kutembea wakiwa wameinama. Ugonjwa ukapewa jina lake. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia ubongo kuongoza miendo ya mwili. Katika Parkinson seli hizo hufa polepole. Dalili zinapoonekana, sehemu kubwa ya seli huwa imekwisha kufa.

Dalili kuu ni nne: mkono au mguu kutetemeka ukiwa umetulia, miendo kuwa mizito na ya polepole, misuli kukakamaa, na baadaye kukosa uthabiti wa kusimama. Mara nyingi huanza upande mmoja wa mwili. Nyumbani huonekana katika mambo madogo. Mzee aliyekuwa akibeba fimbo na ekicholong yake bila kufikiri sasa anaidondosha. Mkono mmoja hauyumbi anapotembea. Mwandiko unakuwa mdogo, na namba ya siri ya M-Pesa inamchukua muda mrefu kuibonyeza. Uso unakosa tabasamu, na watu wanadhani amekasirika. Kuna pia dalili zisizoonekana kwa macho: choo kigumu, usingizi mbaya, huzuni, na kizunguzungu anaposimama.

Parkinson hauambukizi. Mgonjwa hakurogwa, hakulaaniwa, wala hajalewa. Bondia Muhammad Ali, aliyemwangusha George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974, aliambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1984 akiwa na miaka 42. Dunia nzima iliuona mkono wake ukitetemeka alipowasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi na Parkinson.

Je, uko katika maeneo ya mashambani kama yetu? Upo. Katika wilaya ya Hai, kaskazini mwa Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu wapatao 161,000. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana Parkinson. Walikuwa wakiishi na ugonjwa wakidhani ni uzee.

SI KILA MTETEMEKO NI PARKINSON

Sehemu hii ni muhimu kwa anayefikiria upasuaji, kwa sababu upasuaji wa Parkinson hauwezi kuponya kitu ambacho si Parkinson.

Kuna mtetemeko unaorithiwa katika familia, ambao huonekana zaidi mtu anaponyanyua kikombe kuliko anapotulia. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi, mikono hutetemeka. Kiharusi kidogo kinaweza kuufanya mwendo kuwa mzito. Dawa nazo zinaweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na Parkinson, hasa baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama haloperidol, na dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoclopramide, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Plasil. Dalili za namna hiyo mara nyingi hupungua daktari akibadilisha dawa. Usiache dawa hizo wewe mwenyewe. Mpelekee afisa wa kliniki pakiti zote unazotumia azione.

Yako pia magonjwa mengine ya ubongo yanayofanana na Parkinson lakini huenda kasi zaidi. Mgonjwa huanguka mapema, husahau mapema, na dawa hazimsaidii sana. Wagonjwa hao hawafai kwa upasuaji tunaoueleza hapa.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachotumika kliniki kusema "huyu ana Parkinson." Daktari huuliza historia, humtazama mgonjwa akitembea, akigonga vidole na kuandika, kisha huangalia jinsi mwili unavyoitikia dawa.

DAWA NDIYO MLANGO WA UPASUAJI

Dawa kuu ni levodopa ikichanganywa na carbidopa. Levodopa ikifika kwenye ubongo hugeuka kuwa dopamini. Ilianza kuonyesha nguvu yake mwishoni mwa miaka ya 1960, na hadi leo hakuna dawa ya Parkinson iliyoipita. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa nyingine inayopatikana ni benzhexol. Hupunguza mtetemeko, lakini kwa wazee inaweza kuleta usahaulifu na kuchanganyikiwa, kwa hiyo itumike kwa uangalifu.

Kwetu Turkana kuna jambo moja la kuzingatia. Protini ya nyama na maziwa hushindana na levodopa kuingia mwilini. Mgonjwa akimeza kidonge pamoja na kibuyu cha maziwa, anaweza kudhani dawa haifanyi kazi. Kwa kawaida hushauriwa ameze dawa kwa maji nusu saa hivi kabla ya kula. Maziwa na nyama ataendelea kuvipata, ila kwa saa tofauti. Dawa ziwekwe mahali pakavu penye kivuli, mbali na bati la paa. Na zisikatishwe ghafla, kwa maana kuacha levodopa kwa siku moja kunaweza kumfanya mgonjwa akakamae na kupata homa ya hatari.

Kwa nini tuzungumzie vidonge katika somo la upasuaji? Kwa sababu daktari wa upasuaji atauliza swali hili kabla ya mengine: levodopa inamsaidia? Dalili zinazopungua kwa levodopa ndizo zinazotarajiwa kupungua kwa upasuaji. Zisizoguswa na dawa, mara nyingi upasuaji nao hauzigusi. Mtetemeko ndio pekee unaoweza kukataa dawa na bado ukatulizwa na upasuaji.

Baada ya miaka kadhaa ya dawa, wagonjwa wengi hupata tatizo jipya. Kidonge kinachokata saa sita kinaanza kukata saa tatu, kisha mbili. Kati ya dozi na dozi mwili unaganda. Dawa ikiwa kileleni, mwili nao unajinyonganyonga bila hiari. Hivyo ndivyo alivyo Mwalimu wetu wa Lodwar. Saa nne asubuhi anafundisha vizuri. Saa sita ameganda kwenye kiti mbele ya darasa. Saa saba mabega yake yanacheza yenyewe na wanafunzi wanacheka. Upasuaji ulibuniwa kwa ajili ya wagonjwa walio katika hali kama yake.

NJIA ZA UPASUAJI

Hakuna upasuaji unaoponya Parkinson au unaorudisha seli zilizokufa. Kila njia iliyo hapa chini hupunguza dalili, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea chini kwa chini.

Kwanza: kifaa cha kusisimua ubongo kwa umeme. Hiki ndicho mgonjwa wa video alicho nacho. Mwaka 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid na wenzake waligundua kwamba umeme mdogo wenye mapigo ya kasi, ukipitishwa mahali maalumu katika ubongo, hutuliza mtetemeko. Marekani iliidhinisha njia hiyo kwa mtetemeko mwaka 1997, na kwa dalili nyingine za Parkinson mwaka 2002.

Upasuaji wenyewe uko hivi. Picha za ubongo hupigwa ili kupata shabaha, ambayo ni ndogo kuliko punje ya maharagwe. Kichwa hufungwa kwenye fremu ya chuma kisitikisike. Fuvu hutobolewa tundu dogo, na waya mwembamba hupitishwa hadi ndani. Mara nyingi mgonjwa huwa macho wakati huo. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, na madaktari humtaka ahesabu, azungumze na anyanyue mkono ili wajue wamefika penyewe. Waya huo huunganishwa chini ya ngozi, kupitia nyuma ya sikio na shingoni, hadi kwenye kifaa cha betri kilichozikwa kifuani. Baada ya wiki chache kifaa huwashwa na kurekebishwa kwa kompyuta. Kinaweza kuzimwa au kubadilishwa nguvu, na hiyo ni faida yake kubwa. Wapasuaji wa ubongo wamekwisha kuufanya upasuaji huu Nairobi pia, kwa wagonjwa wachache.

Pili: kuunguza sehemu ndogo ya ubongo. Hii ni njia ya zamani zaidi. Sindano maalumu yenye joto huunguza sehemu ndogo inayotoa ishara mbovu. Hakuna kifaa kinachobaki mwilini, hakuna betri, na gharama ni ndogo kuliko ya kifaa. Lakini kilichounguzwa hakirudi. Kwa kawaida hufanywa upande mmoja tu wa ubongo, kwa sababu kuunguza pande zote mbili kunaweza kuharibu usemi na kumeza. Kwa mgonjwa anayeishi mbali, ambaye hawezi kusafiri mara kwa mara kurekebishiwa kifaa, inafaa daktari aulizwe kuhusu njia hii pia.

Tatu: mawimbi ya sauti. Hapa fuvu halitobolewi. Mgonjwa hunyolewa nywele zote na kulazwa ndani ya mashine ya MRI. Mawimbi mengi ya sauti isiyosikika huelekezwa kwenye nukta moja hadi nukta hiyo iungue. Marekani iliidhinisha njia hii kwa mtetemeko wa Parkinson mwaka 2018. Ingawa hakuna kisu, matokeo ni ya kudumu kama ya njia ya pili. Pia wapo watu ambao mifupa ya fuvu lao haipitishi mawimbi vizuri.

Nne: bomba la dawa tumboni. Mgonjwa hutobolewa tundu dogo tumboni, na levodopa ya majimaji mazito husukumwa na pampu hadi kwenye utumbo mwembamba mchana kutwa. Huo si upasuaji wa ubongo. Tatizo ni kwamba dawa hiyo ni ghali na huhitaji jokofu, jambo gumu penye joto letu na stima inayokatika.

Utasikia pia habari za kupandikiza seli mpya kwenye ubongo. Watafiti wanaifanyia kazi njia hiyo. Anayekutumia tangazo la "seli za kuponya Parkinson" na namba ya kulipia, mwepuke.

NANI ANAFAA, NANI HAFAI

Madaktari huangalia mambo haya kabla ya kukubali kuweka kifaa:

- Mgonjwa ana Parkinson kweli, kwa kawaida kwa miaka minne au mitano na zaidi, ili magonjwa yanayofanana nao yawe yamejidhihirisha.
- Levodopa inamsaidia waziwazi. Hupimwa akiwa hajameza dawa tangu jana yake, kisha baada ya kumeza. Kwa kawaida hutakiwa nafuu ya asilimia 30 au zaidi.
- Dawa zimejaribiwa kwa dozi na saa zinazofaa, na bado anaganda au anajinyonganyonga, au mtetemeko umekataa kutulia.
- Akili na kumbukumbu ziko sawa. Mwenye usahaulifu mkubwa anaweza kuzidiwa baada ya upasuaji.
- Hana huzuni kali isiyotibiwa. Shinikizo la damu na kisukari vimedhibitiwa, na damu yake inaganda inavyopaswa.
- Ana mtu wa karibu wa kumsaidia na njia ya kufika kliniki.

Umri pekee haumzuii mtu, ingawa hatari huongezeka baada ya miaka 70. Familia nazo zijue mapema mambo ambayo upasuaji hausaidii sana: kusahau, sauti kufifia, kumeza kwa shida, na kuanguka ambako dawa haikuzuii. Usemi unaweza hata kuzidi kuharibika.

FAIDA NA HATARI KWA TARAKIMU

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuata wagonjwa 255. Baadhi waliwekewa kifaa, wengine wakaendelea na dawa bora peke yake. Baada ya miezi sita, waliowekewa kifaa walikuwa wamepata wastani wa saa 4.6 zaidi kwa siku za kutembea vizuri bila kujinyonganyonga. Waliobaki na dawa hawakuongeza chochote. Kwa Mwalimu wetu, hizo ni saa za kutosha kumaliza vipindi vya asubuhi na kurudi nyumbani kwa miguu.

Lakini katika utafiti huohuo, waliofanyiwa upasuaji walipata madhara makubwa mara nyingi zaidi: asilimia 40, ikilinganishwa na asilimia 11 ya wenzao. Mengi yalitibika. Kwa jumla, kati ya wagonjwa 100 wanaowekewa waya ubongoni, mmoja au wawili hutokwa damu ndani ya ubongo, na damu hiyo inaweza kuleta kiharusi au kifo. Wengine hupata usaha kwenye kidonda au kwenye kifaa, na pengine kifaa chote hulazimika kutolewa. Baadhi hubadilika tabia au kuingia katika huzuni, na familia inapaswa kuwa macho.

BETRI, STIMA NA BARABARA

Video huishia pale mkono unapotulia. Maisha na kifaa huanzia hapo.

Miezi ya kwanza mgonjwa hurudi kliniki mara nyingi ili nguvu ya umeme irekebishwe pamoja na dozi za dawa. Kutoka Lodwar hadi Eldoret ni zaidi ya kilomita 300, na hadi Nairobi ni karibu 700. Anayetoka Kakuma aongeze kilomita 120 hivi. Aliyewekewa kifaa India atarekebishiwa wapi? Swali hilo lijibiwe kabla ya tiketi kukatwa. Apatikane daktari nchini mwenye kompyuta ya aina ileile ya kifaa na aliyekubali kumpokea.

Betri ni za aina mbili. Isiyochajiwa hudumu miaka mitatu hadi mitano hivi, kisha kifaa cha kifuani hubadilishwa kwa upasuaji mwingine na gharama nyingine. Ya kuchaji inaweza kudumu miaka 15 au zaidi, lakini mgonjwa hulazimika kuichaji mara kwa mara kupitia ngozi. Penye stima ya kusuasua, familia ipange sola yenye betri ya kuaminika. Betri ikiisha ghafla dalili zote hurudi, na kwa baadhi ya wagonjwa hiyo ni dharura.

Mwenye kifaa atembee na kadi yake wakati wote. Aionyeshe kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege, na amwambie kila mhudumu wa afya kabla ya kuingia kwenye MRI. Matibabu ya joto la umeme yanayotumika katika baadhi ya kliniki za viungo ni marufuku kwake kabisa, kwa sababu yanaweza kuupasha waya joto na kuunguza ubongo.

NJIA YA RUFAA KUTOKA KAKUMA NA LODWAR

Hatua ya kwanza iko karibu na nyumbani. Mhamasishaji wa afya ya jamii akiona dalili anaweza kukuelekeza kwenye zahanati au kituo cha afya. Kutoka hapo, mkazi wa Kakuma anaweza kufika Hospitali ya Mission ya Kakuma, na mkimbizi aanzie kwenye kliniki inayomhudumia kambini au Kalobeyei. Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Lodwar ndiyo kiungo cha kwenda nje ya kaunti. Inayofuata ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, ambako kuna madaktari bingwa wa ubongo na neva.

Mkimbizi anayehitaji kusafiri nje ya kambi apate kibali cha kusafiri kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na aanze mapema pamoja na barua ya rufaa.

Unaposafiri beba barua ya rufaa, pakiti zote za dawa, kitambulisho, na daftari la wiki mbili. Katika daftari hilo andika saa ya kila kidonge, saa mwili ulipofunguka, ulipoganda, na ulipojinyonganyonga. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wa shule. Mgonjwa akirekodiwa kwa simu katika hali hizo tatu, video hiyo itamsaidia daktari kuliko ile iliyotumwa kutoka Nairobi.

FEDHA

Kifaa cha ubongo, upasuaji na marekebisho kwa pamoja hufika mamilioni ya shilingi. Jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Unaweza kujisajili kwa kupiga *147#. Mchango wa kaya isiyo na mshahara hukadiriwa kwa asilimia 2.75 ya mapato, na hauwi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji, iombe hospitali iandike ni kiasi gani kitalipwa na SHA na ni kiasi gani kitabaki kwa familia. Kisha uliza gharama za miaka mitano: betri, safari, malazi na dawa. Dawa huendelea hata baada ya upasuaji, ingawa wengi hupunguziwa dozi.

TURUDI KWA WAGONJWA WETU

Mzee wa Kakuma asiuze ngamia sasa. Hajathibitishwa kuwa na Parkinson, na hajawahi kutumia dawa ipasavyo hata kwa mwezi mmoja. Aende kliniki, achunguzwe, na kama ni Parkinson aanze levodopa bila kuikatisha. Kiasi kidogo cha fedha za familia kinaweza kumhakikishia dawa za mwaka mzima, na huenda dawa hizo zikampa sehemu kubwa ya kile alichokiona kwenye video. Kama mtetemeko utakataa baada ya hapo, mlango wa upasuaji haujafungwa.

Mwalimu wa Lodwar asisubiri. Dawa inamsaidia lakini haimtoshi, akili yake ni timamu, na bado ana miaka ya kufundisha. Aombe barua ya rufaa mwezi huu. Huenda daktari bingwa akabadilisha tu saa na dozi zake na hali ikatengemaa. Huenda akaambiwa anafaa kwa upasuaji. Vyovyote vile, kadiri anavyochelewa, kumbukumbu na uthabiti wa mwili vinaweza kupungua hadi asifae tena.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

1. Una uhakika gani kwamba huu ni Parkinson?
2. Je, tumejaribu dawa kwa dozi na saa zinazofaa?
3. Ni dalili zipi zitapungua, na zipi zitabaki?
4. Kwa nini unapendekeza njia hii na si nyingine?
5. Wewe na timu yako mmefanya upasuaji huu mara ngapi, na wagonjwa wako wanaendeleaje?
6. Nani atanirekebishia kifaa, wapi, na kwa gharama gani?
7. Kifaa kikizimika nikiwa Kakuma, nifanye nini na nimpigie nani?

ZOEZI LA BARAZANI NA NYUMBANI

Jadilini katika kikundi, au na jamaa zenu:

- Je, kuna mtu kijijini kwenu ambaye mwendo wake umekuwa mzito na mkono hauyumbi, naye anaambiwa ni uzee? Nani atamsindikiza kliniki?
- Kwa nini daktari humpima mgonjwa kwa levodopa kabla ya kumpasua?
- Ungeshauri nini familia iliyo na fedha za upasuaji lakini haina mpango wa betri wala wa safari za marekebisho?

Tarehe 11 Aprili, siku aliyozaliwa James Parkinson, ni Siku ya Parkinson Duniani. Huna haja ya kuingoja. Kama umemkumbuka mtu ulipokuwa ukisoma somo hili, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu wiki hii, na mbebe na pakiti zake za dawa.